Hakuna Pengwini Aktiki, na Mimi Sitawaweka

Wasee, wacha tumalize haya maneno leo, juu nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Wiki mbili zilizopita niliweka vidio ya boti. Walioiona wanajua. Ni mchoro wa kompyuta wa safari ya boti ndani ya bustani ya burudani: watu kumi na sita kwa boti moja, giza, barafu, mwanga wa kijani unacheza juu angani, dakika sita na imeisha. Nimekuwa nikiijenga tangu Januari. Komenti ya kwanza kabisa haikusema kazi ni safi wala haikusema ni mbovu. Ilisema, "Pengwini wako wapi?" Ya pili ikasema, "Msee wa Githurai anajua nini kuhusu barafu?"

Ya kwanza ni rahisi. Pengwini hawaishi Aktiki. Wako upande wa kusini wa dunia: Antaktika, Amerika Kusini, hata Afrika Kusini wako, wanatembea ufuoni karibu na watu waliovaa kaptula. Dubu mweupe yuko kaskazini. Hao wawili hukutana kwa katuni na kwa kadi za Krismasi tu. Jina lenyewe Aktiki linatoka kwa neno la Kigiriki arktos, maana yake dubu. Na pale Ncha ya Kaskazini hakuna ardhi, ni bahari imeganda juu. Ndio maana safari ya boti inaeleweka huko kuliko treni au kitu kingine chochote. Hii yote unaipata kwa dakika tano na bando ya shilingi ishirini.

Sasa, kuna mtu alinilipa niweke pengwini. Hapo ndipo stori inakuwa ndefu.

Mteja ni wa nje. Aliona klipu yangu ya zamani ya ile treni ya mlimani, akaniandikia kwamba anataka mchoro kamili wa safari ya boti ya Aktiki, aupeleke kwa wenye bustani fulani. Dola 350, nusu mbele. Hiyo nusu ililipa keja miezi miwili na ikamaliza deni la mama mboga, kwa hivyo msidhani nakaa hapa nikiongea kama mtu asiye na shida. Nikamtumia rasimu. Akairudisha na vitu vitatu anavyotaka viongezwe: pengwini wanaocheza dansi, nyumba za barafu zile za mviringo, na mbele ya hizo nyumba watu wadogo waliovaa manyoya, wanacheka, wanapunga mkono kila boti ikipita. Aliwaita kwa lile jina la zamani ambalo wengi wao wenyewe hawalitaki.

Pengwini ningemeza, manze. Ni uongo, lakini ni uongo wa watoto. Hao watu wa kupunga mkono ndio walinikwama kooni, juu nimewaona kabla. Nimewaona wakiwa sisi.

Disneyland ya California ilifunguliwa Julai 1955, na kati ya vitu vya mwanzo kabisa ilikuwa Jungle Cruise, safari ya boti kwenye mito ya kubuni, mingine ya Asia, mingine ya Afrika. Harper Goff, mmoja wa walioibuni, alichukua mengi kutoka kwa filamu ya The African Queen ya 1951, ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa Uganda na Kongo. Kwa hivyo mito ya huku ilienda Hollywood, ikatoka Hollywood ikaenda bustanini. Kwa ufundi, ile kitu ni noma na nitaisifu mbele ya mtu yeyote. Maji yanatiwa rangi makusudi yaonekane ya matope, ndio usione reli iliyo chini. Nahodha anazungusha usukani lakini reli ndiyo inajua njia. Wanyama ni mashine, kwa sababu wanyama wa kweli wangelala mchana kutwa na kujificha, na wageni wangelipa kuangalia majani.

Na kwenye kingo za huo mto, kwa miongo mingi, walisimama watu weusi wa kutengenezwa, na mikuki na ngoma, na mmoja wao kazi yake ilikuwa kuuza vichwa vya binadamu. Disney walitangaza mwaka 2021 kwamba wanabadilisha hizo sehemu. 2021! Mimi nilikuwa nishamaliza shule ya msingi zamani.

Sasa fikiria mtoto wa Iqaluit, kule Nunavut kaskazini mwa Kanada, anafungua simu anakuta kijana wa Kenya amechora watu wa kwao wakipunga mkono kama wale wa mtoni. Ningemwambia nini? Ati hata sisi tulifanyiwa?

Kwa hivyo wewe wa komenti ya pili, hatuko mbali sana. Ni kweli sijawahi kuguswa na theluji. Baridi yangu mimi ni ya Julai, na ile ya Kinangop nikienda kwa guka, asubuhi unakuta nyasi zimekuwa nyeupe na viazi vimeungua na jalidi. Lakini kama sheria ni kwamba uchore ulikozaliwa tu, basi mimi nichore stendi ya matatu hadi nizeeke. Kuna njia nyingine, na hao hao Disney walishaonyesha nusu yake. Mwaka 1998 walifungua Animal Kingdom kule Florida, na ndani yake kuna mji unaitwa Harambe, kwa e moja, ya pili sijui ilipotelea wapi. Ni mji wa pwani yetu, umeigwa Lamu. Wabunifu, wakiongozwa na Joe Rohde, walisafiri huku Afrika Mashariki, wakaangalia kuta zinavyobambuka, rangi inavyopauka na jua. Nimetembea hiyo Harambe kwa YouTube mara nyingi sana. Lamu yenyewe nimetembea mara sufuri. Na kusema ukweli, mara ya kwanza kuiona nilifurahi. Ukuta ulikuwa umechakaa vizuri. Mtu alikuwa ameangalia.

Hata hiyo ina shida zake, juu ni mji ambao hakuna mtu anazaliwa ndani wala kulipa kodi, lakini kati ya Harambe na yule muuza vichwa, mimi najua nataka kuwa karibu na nani.

Tuje kwa baridi yenyewe. Wengi mnajua Frozen Ever After, ya Epcot, hapo hapo Florida. Wengi hamjui kwamba ile boti ilikuwa ya watu wengine. Kuanzia 1988 hadi Oktoba 2014 pale palikuwa na Maelstrom, safari ya boti kuhusu Norwei: boti zenye umbo la jahazi za Waviking, mazimwi ya hadithi, dubu weupe, boti inarudi kinyumenyume, halafu unaporomoka na kujikuta Bahari ya Kaskazini kando ya mtambo wa kuchimba mafuta. Walifunga, wakaacha mfereji ule ule, wakaweka Elsa na Olaf, wakafungua Juni 2016. Foleni hadi leo. Roboti za mwanzo zilikuwa na nyuso za kuangaziwa kwa projekta, ilikuwa kazi safi, siwezi kudanganya. Lakini mimi ni wa Maelstrom. Najua ilikuwa ya ajabu ajabu. Dakika moja zimwi, dakika inayofuata mafuta ya petroli. Ule mtambo wa mafuta ndio nilipenda, kwa sababu hapo ndipo watu wa Norwei wanatoa pesa, na mtu alikuwa na ujasiri wa kuuweka kwenye mchezo wa watoto. Hiyo nchi ilikuwa na watu wanaoenda kazini. Wimbo wa barafu unaimbwa vizuri sana lakini hauendi kazini.

Hata hivyo kuna kitu watu wa Frozen walifanya baadaye ambacho wabunifu wengi wangeiga. Walipokuwa wakitengeneza filamu ya pili, ya 2019, waliingia makubaliano na Wasami, wenyeji wa kaskazini mwa Norwei, Uswidi na Finlandi, ili wawashauri. Makubaliano ya kuandikwa na kutiwa sahihi. Nilisoma hiyo nikaona, sawa, mimi sina mawakili lakini nina akaunti.

Nikaandikia watu kumi na wanne wa Aktiki wanaoweka vidio. Watatu walijibu. Mmoja ni dada wa Nunavut anayeweka vidio za mapishi. Nilimwuliza, ukipanda boti ya kwenu bustanini, ungetaka kuona nini? Nilidhani atasema nyangumi, au mianga ya usiku. Akasema niweke duka. Rafu za duka na bei zake. Kila kitu kinafika kwa ndege au kwa meli ya kiangazi, kwa hivyo bei ya chakula kule ni kali hadi watu hupiga picha za vibandiko wakavisambaza. Akanitumia picha ya nyanya. Nikamtumia bei ya unga ya mwaka fulani hapa kwetu. Tukacheka kama watu wanaojuana.

Nyumba za barafu nazo alizicheka. Iglu ni kitu cha kweli, wawindaji wa sehemu fulani walizijenga safarini na wakati wa baridi kali, lakini yeye amekulia nyumba ya mbao yenye runinga. Kule Grinilandi nyumba zimepakwa rangi kali, na zamani rangi ilikuwa inakuambia jengo ni la nini, njano hospitali, nyekundu duka. Hiyo inatosha kabisa kwa mchoro. Rangi kali kwa weupe, usiku, na madirisha yamewaka. Hakuna mtu wa kupunga mkono. Kuna mtoto mmoja anavuta sanduku la maziwa kwa kigari cha theluji na hata hakuangalii. Hicho kipande kimenichukua wiki tatu na ndicho napenda kuliko vyote.

Wacha niwaambie inavyofanya kazi, juu wengine wenu mnadhani nachora tu picha.

Niliacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa ujenzi. Karo ilikuwa imelala nyuma mihula miwili, nikakaa nje ya chumba cha mtihani na kalamu mkononi, na sitaongea zaidi kuhusu hiyo siku. Mathe bado huniuliza, "Kwani uliacha shule uje uchezee barafu kwa kompyuta?" Lakini yale ya maji kwa mfereji nilikuwa nimeyasoma, na hayo ndiyo nakula sasa. Boti kama hizi hazina injini. Pampu zinasukuma maji hadi mwanzo wa mfereji, maji yanashuka polepole kwa mteremko mdogo ambao huwezi kuuona, yanabeba boti. Magurudumu ya pembeni yanaizuia isikwaruze kuta. Pampu zikizimwa maji yote yanarudi chini kwa bwawa, boti inakaa kwa sakafu kavu, na ile siri yote inaisha, unabaki na ukumbi na mtaro. Kupanda juu ni mkanda. Kushuka ni uzito wako mwenyewe.

Halafu kuna hesabu ya watu, ambayo inaua michoro mizuri kuliko kitu chochote. Boti ya watu 16, inaondoka kila sekunde 30, hiyo ni boti 120 kwa saa, watu 1,920. Lakini familia ya watatu haitaki kukaa na wageni, viti vinabaki, ukipata wastani wa 12 umeshuka hadi 1,440. Safari ya dakika sita ina boti 12 ndani kwa wakati mmoja. Kwa hivyo kila kitu nikiweka lazima kieleweke kwa sekunde 30 au chini, kwa sababu nyuma yako kuna wengine wanakuja, na mbele yako kuna kichwa cha mtu mrefu.

Boti yenyewe nilikuwa nimeifanya ya kizungu, mbao na nanga. Nikabadilisha. Wote mnajua kayaki, na hilo neno ni la Wainuit, qajaq, boti ya mwindaji mmoja. Lakini walikuwa na nyingine kubwa, umiaq, iko wazi juu, mifupa yake ni ya mbao zilizookotwa ufuoni au mifupa ya nyangumi, imefunikwa ngozi ya sili au walrasi, na ilikuwa inabeba familia nzima na mizigo yao. Sehemu nyingi waliopiga makasia walikuwa wanawake. Yaani miaka yote watu wanabuni boti ya familia ya Aktiki na wenyewe walikuwa nayo. Yule dada nilimwuliza kama ni sawa kuitumia. Alisema muulize babu yake, na babu hajajibu. Hadi ajibu nimeiandika kwa mchoro kama pendekezo tu.

Baridi sasa. Kosa la kila mtu ni kupuliza hewa ya friji kwa ukumbi mzima. Ni gharama, na dakika mbili ngozi imezoea. Mimi nimeiweka sehemu moja tu, njia nyembamba yenye giza mara tu baada ya kupanda, mita kama kumi na tano. Hakuna kitu cha kuona. Upepo baridi kwa mikono na uso, na kimya. Ukitoka hapo mwili umeshaamini, hata hewa ikirudi ya kawaida macho yanamalizia.

Sauti nilizitengeneza hapa kwa keja. Barafu ya mto wa barafu ikiyeyuka baharini inatoa mlio kama soda, kwa sababu vipovu vya hewa ya kale vilivyobanwa ndani vinapasuka. Nilirekodi soda nikiimimina kwa sufuria pana usiku wa saa nane, matatu zikiwa zimelala, nikaipunguza kasi. Na kuhusu rangi, niliamka saa kumi na moja asubuhi nikaenda Gikomba kwa wauza samaki, nikaomba mmoja aniache nimulike kipande chake cha barafu na simu. Pembeni ni safi kama kioo, katikati ni cheupe, juu maji yakiganda kutoka nje yanasukuma hewa ndani. Barafu ya kale ya kaskazini imebanwa karne nyingi hadi hewa imepungua sana, mwanga mwekundu unamezwa njiani, inabaki bluu. Yule mama wa samaki aliniuliza kama nataka kununua ama nataka kuoa hiyo barafu.

Na ule mporomoko. Mteja alitaka maji yaruke, watu walowe, wapige kelele. Mimi nimefanya hivi: unapita kando ya mlima wa barafu unaoelea, unauona ni wa kawaida, kama nyumba ya ghorofa mbili. Kisha boti inainama taratibu, inashuka, na unagundua umepita chini ya uso wa bahari, na ule mlima unaendelea kushuka pamoja nawe, unashuka, unashuka, juu karibu sehemu tisa kati ya kumi za barafu inayoelea ziko chini ya maji. Huku kwa mbali sili wanaimba. Tafuteni sauti ya sili mwenye ndevu akiwa chini ya barafu, mtadhani ni chombo cha anga za juu. Hakuna anayelowa. Mdogo wangu alitazama hapo akashika mkono wangu, na huyo ni mtu hatazamangi kitu bila kusongesha mbele.

Boti yangu ya kwanza ilikuwa Uhuru Park, Krismasi, nikiwa na miaka sita. Maji ya kijani kibichi, kasia nzito kuliko mimi, baba anapiga makasia tunazunguka mahali pamoja. Hakukuwa na kitu cha kuona. Lakini nakumbuka venye mji ulinyamaza tulipofika katikati. Hiyo dakika ndiyo nimekuwa nikijaribu kujenga, na nikimwekea pengwini wa kudansi naiua.

Kwa hivyo nilimwandikia mteja Jumanne. Nikamwambia duka litabaki, mtoto wa maziwa atabaki, watu wa kupunga mkono siwachori, na kwa sababu tayari tumeanza kukosana, na pengwini pia hapana. Kama anataka maji yaruke, hapo naweza kumwongezea mwishoni. Amejibu kwa mstari mmoja: nimpe toleo lake kufikia Ijumaa ama ile nusu nyingine nisahau. Mbogi yangu yote inasema nimpe, ati pengwini wanalipa kodi. Mathe, ambaye nilidhani atanichapa na maneno, aliuliza tu hao watu wa manyoya ni akina nani, nikamweleza, nikamwonyesha pia wale wa mtoni. Alitazama kidogo akarudisha simu. Akasema kuna githeri kwa sufuria.

Ijumaa ni kesho. Naweka safari nzima hapa bure, bila jina la mteja, na duka ndani. Saa hii tokeni ya stima imebaki yuniti nne, na kile chumba cha mlima wa barafu kinachukua dakika arobaini kwa kila sekunde ya picha, kwa hivyo mkiona kimya hadi Jumapili mjue ni hiyo.